Miaka Ishirini na Minane kwa Jina la Dada

Cherehani zilianza kung'olewa siku ya Jumatatu, kuanzia upande wa madirishani. Mafundi wawili walikata nyaya na kufungua skrubu. Wanawake tisa waliobaki katika laini ya tatu walifuata nyuma, wakizifuta mafuta, wakizivisha nailoni na kuzifunga kwa utepe wa gundi. Mwaka mmoja kabla ya hapo wanawake hao walikuwa sitini na wanne. Wamarekani walipopandisha ushuru kwa bidhaa za China, wanunuzi wa viatu walipunguza oda kidogo, kisha wakapunguza nusu, kisha wakaacha hata kupiga simu. Mikataba yote ilikatwa mwisho wa mwaka. Hawa tisa walikuwa vibarua wa siku.

Wawili kati yao walilia. Dada Lan aliwatazama akashangaa machozi wanayatoa wapi. Yeye aliifuta cherehani yake kama mtu anavyofuta sahani ya mgeni aliyekwisha kuondoka, akaifunga, akahamia nyingine.

Saa nne Meneja Pang alikuja, shati limemganda mgongoni kwa joto la Juni la Dongguan.

"Dada Lan, weka kitambaa chini. Hizi mashine unajua zinakwenda wapi?"

"Ethiopia. Imeandikwa kwenye makasha."

"Ala! Umejua kusoma siku hizi?"

"Dereva wa lori kanisomea."

Pang alicheka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu yeye akiwa karani mwembamba wa stoo. "Huko kuna wasichana mia mbili hawajawahi kushona hata mfuko. Bosi anataka fundi wa kukaa nao miaka miwili. Nimetaja jina lako."

"Nitasema nao kwa lugha gani?"

"Wale wasichana waliotoka Guizhou ulisema nao kwa lugha gani? Ulikuwa unawachapa vidole kwa rula."

"Walijua kushona lakini."

"Ndiyo maana nimekutaja wewe."

Alimweleza karatasi zinazotakiwa kabla mwezi haujaisha: pasi ya kusafiria, na cheti chenye muhuri kutoka ofisi ya hifadhi ya jamii kinachoonyesha miaka aliyofanya kazi. Serikali ya huko haimpi mgeni kibali mpaka athibitishe kwamba ni fundi kweli, si mtu aliyekuja kula kazi za wenyeji. Dada Lan alisema sawa. Alipenda kwenda. Hilo nalo lilimshangaza, kwa kuwa alikuwa hajapenda kitu kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa na mwanamke mwingine mjini Huizhou tangu binti yao alipokuwa darasa la nne. Binti mwenyewe ameolewa kaskazini na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Ushonaji wa viatu ndio kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mtu mwingine alikuwa anakihitaji, na sasa watu mia mbili walikuwa wanakihitaji kwa pamoja.

Tatizo lilikuwa moja. Jina lake halikuwa Lan.

Alizaliwa Luo Cuizhi, katika bonde la milima ya Hunan, mtoto wa pili. Dada yake, Luo Cuilan, alimtangulia kwa miaka mitatu. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja, basi Cuizhi alitolewa shule baada ya madarasa mawili, akapewa kikapu cha kukata majani ya nguruwe, na Cuilan akaendelea hadi akamaliza sekondari ya kwanza. Mwaka 1991 viwanda vya kusini vilipokuwa vinameza wasichana kwa maelfu, kiwanda cha viatu kilitaka vitu viwili: kitambulisho na cheti cha shule. Cuizhi hakuwa na hata kimoja. Mama yao alifungua kasha akatoa vya Cuilan.

"Chukua vya dada yako. Yeye anaolewa, hatavihitaji."

Hakuna aliyeona kosa. Nusu ya wasichana waliopanda treni ile walikuwa na vitambulisho vya dada, vya binamu, vya majirani. Katika bweni lao la vitanda kumi na viwili, watano walikuwa watu wengine. Usiku wa kwanza waliitana majina yao ya kweli, wakacheka mpaka msimamizi akagonga mlango. Baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka tena. Alikuwa Lan. Alijifunza kuandika Luo Cuilan kwa sababu lilikuwa jina la kupokelea mshahara. Jina lake mwenyewe hakuwahi kuwa na haja ya kuliandika.

Miaka ilipopita na vitambulisho vikawa vipya, Cuilan alikuwa akituma chake kwa posta, karani wa kiwanda akakitolea nakala. Sura zilifanana. Kiwanda kilipoanza kukata michango ya hifadhi ya jamii, wasichana kadhaa walikwenda kusahihisha majina. Walipanga foleni siku mbili, wakakatwa mshahara wa siku mbili, wengine wakatozwa faini. Cuizhi alitaka kwenda nao. Cuilan alimkataza kwenye simu.

"Ya nini kusumbuka, Zhi? Siku yako ya kustaafu ikifika nitakuja mwenyewe, nitatia dole gumba kwamba si mimi niliyefanya kazi, yaishe."

Walikuwa wakiongea kila Jumapili. Cuizhi hakuwa na mwingine wa kumwambia habari zake, basi alimwambia dada yake zote: gundi iliyomuumiza kichwa, msimamizi aliyekuwa akihesabu dakika za choo, ukoko wa wali wa bwalo, oda kubwa za viatu vya Krismasi walizoshona wakati wa joto kali huku jasho likidondokea ngozi nyeupe. Cuilan alisikiliza, akauliza maswali. Alikuwa msikilizaji mzuri.

Sasa Cuizhi alimpigia na simu haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake. Cuilan alisema yuko sokoni, atapiga jioni, na hakupiga. Siku ya tatu Cuizhi aliomba ruhusa akaenda ofisi ya hifadhi ya jamii peke yake, akiwa na nakala ya kitambulisho cha dada yake.

Karani alikuwa msichana mwenye miwani na chupa ya chai ya maua. Aligonga vitufe, akatazama.

"Luo Cuilan. Wewe umeshastaafu, shangazi. Unapokea pensheni tangu Aprili."

"Nani anapokea?"

"Wewe."

"Sijapokea kitu."

"Uliomba mwezi wa tatu, ulipotimiza miaka hamsini. Picha ulipiga hapa hapa." Karani aligeuza kioo cha kompyuta kidogo ili Cuizhi aone. Cuilan alikuwa amevaa koti la zambarau alilotumiwa na Cuizhi sikukuu ya mwaka mpya. Alikuwa amechana nywele vizuri.

Cuizhi alishukuru, akatoka nje, akasimama kituoni hadi mabasi matatu yakapita. Hakuwaza jambo kubwa. Aliwaza kwamba kutoka kwenye ofisi ile mpaka kiwandani ni mwendo wa dakika ishirini, na kwamba dada yake alikuja Dongguan, mara ya kwanza maishani mwake, akarudi bila kumwona.

Jumamosi alipanda treni ya Hunan. Cuilan alimpokea mlangoni, akapiga makofi kwa mshangao wa kujifanya. Nyumba ilikuwa ya ghorofa mbili, vigae vyeupe mbele, nyuma matofali matupu. Kwenye kona ya sebule alikaa shemeji, upande mmoja wa uso umelegea tangu kiharusi cha mwaka juzi, akitazama televisheni iliyozimwa.

"Umekonda, Zhi. Kaa. Nimekaanga nyama ya moshi na pilipili."

"Ulikuja Dongguan mwezi wa tatu."

Cuilan aliweka sahani mezani. "Siku moja tu."

"Hukunipigia."

"Ningekupigia nikwambie nini?"

"Ungesema, Zhi, nimekuja kuiba."

"Nani kaiba? Jina la nani lile? Si nilizaliwa nalo?" Sauti ya Cuilan ilipanda, kisha ikashuka alipomtazama mumewe. "Miaka hamsini ikafika. Wakanipigia kutoka huko kuniambia nina haki. Mimi ni mkulima, sina kitu. Huyu anakula dawa kuliko wali. Ningefanyaje?"

"Ulisema utatia dole gumba."

"Nilisema. Na Mama alipolala kitandani miaka sita, nani alimgeuza? Nani alimfulia? Wewe ulituma mablanketi. Kila mtu kijijini akasema, tazama Zhi anavyomjali mama yake, blanketi zuri hilo. Mimi nilikuwa nalifua lile blanketi, Zhi. Kila siku."

Cuizhi alichukua kipande cha nyama kwa vijiti, akakitafuna. Kilikuwa kama cha mama yao, moshi mwingi, chumvi nyingi. Alitarajia kitamuuma ndani. Hakikumuuma.

"Sikuja kwa ajili ya fedha," alisema. "Kuna kazi Ethiopia. Wanataka cheti cha miaka yangu. Nataka miaka yangu iandikwe kwa jina langu. Njoo utie dole gumba kama ulivyosema. Usipokuja, Jumanne naenda kukushtaki, na wataanza na picha yako ukiwa umevaa koti langu."

Shemeji alitoa sauti kutoka konani. Maneno hayakueleweka lakini alikuwa anamtazama mkewe.

"Nitakuja," Cuilan alisema. Akapangusa macho kwa aproni. "Kula basi. Nitakuja."

Walisafiri pamoja Jumatatu. Cuilan alibeba mayai ya kuchemsha, akamenya yote, akampa mdogo wake yai kubwa zaidi. Waligusana mabega njia nzima, kama zamani walipolala kitanda kimoja. Cuilan alimuuliza Ethiopia ni mbali kiasi gani. Cuizhi alisema hajui, ila wamesema kuna baridi asubuhi.

"Kuna baridi Afrika?"

"Ndivyo alivyosema Pang."

"Chukua basi lile koti. Nitakurudishia."

Asubuhi ya Jumanne ofisini walichukua tiketi ya foleni wakakaa. Ilipofika zamu yao, karani yule yule aliita kwa sauti, "Luo Cuilan!" Wanawake wote wawili wakasimama. Karani aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Luo Cuilan ni nani?"

"Mimi," alisema Cuilan.

Walikaa mbele ya kaunta, Cuizhi akaeleza. Alikuwa amejiandaa na alieleza kwa utaratibu: kitambulisho, kiwanda, miaka, dole gumba. Karani alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alimgeukia Cuilan, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

"Shangazi, ukikubali haya, pensheni inasimama leo. Utarudisha yote uliyopokea. Na itaandikwa kwenye kumbukumbu zako kwamba uliidanganya ofisi ya serikali. Umeelewa?"

Cuilan aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo nakuuliza mara moja. Ulifanya kazi katika kiwanda hicho au hukufanya?"

Cuilan alitazama mikono yake juu ya kaunta. Kucha zilikuwa na udongo uliogoma kutoka.

"Nilifanya," alisema Cuilan.

"Kazi gani?"

"Nilianza na kukata nyuzi, miezi saba. Kisha wakanipa cherehani. Nilishona ngozi ya juu ya kiatu, sehemu ya kisigino, maana ndiyo ngumu, wengi inawashinda." Alianza polepole, kisha maneno yakapata njia. "Msimamizi alikuwa anaitwa Deng. Alikuwa anakaa mlangoni mwa choo na saa. Ukizidisha dakika tano anakata. Mwaka wa tisini na sita sindano ilinipita kidoleni, ikavunjikia ndani, wakaitoa kwa koleo la fundi, nikarudi kushona siku hiyo hiyo. Gundi ilikuwa inanitapisha. Nilikuwa nanyonya tangawizi. Wakati wa oda za Krismasi tulikuwa tunalala kwa saa nne tu, na mimi nilikuwa nawaza, huyo mtoto wa Marekani atakayevaa hivi viatu, mguu wake utakua, atavitupa kabla mgongo wangu haujapona."

Karani alikuwa ameacha kugonga vitufe. "Pole, shangazi," alisema.

Cuizhi alisikiliza. Hakuna hata neno moja lililokuwa la uongo. Yote yalikuwa yake, na dada yake aliyasema vizuri kuliko ambavyo yeye angeyasema, maana yeye alisoma. Alijikuta anasubiri kitakachofuata, kama mtu anayesikiliza habari za mwanamke asiyemjua, akimwonea huruma kidogo.

"Bweni letu lilikuwa ghorofa ya tatu," Cuilan aliendelea, "vitanda kumi na viwili, maji ya moto ukibahatika..."

"Ya nne," Cuizhi alisema.

Karani akageuza uso. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, akakunjua kidole cha shahada. Ukucha ulikuwa umegawanyika katikati, na chini yake kovu jeusi lililofanana na punje ya ufuta. "Kidole alichokitaja ni hiki. Mwambie naye aweke chake."

Cuilan aliondoa mikono yake kwenye kaunta, akaiweka mapajani.

Karani alikitazama kile kidole kwa muda mrefu. Halafu alitazama kioo cha kompyuta. Nyuma yao mtu alikohoa, mwingine akauliza kama leo watahudumiwa au walete magodoro.

"Shangazi," karani alisema taratibu, "kompyuta haina kidole. Ina jina. Mwenye jina ameketi hapa, amesema alifanya kazi. Yeye asipotia dole gumba, mimi sina pa kubonyeza. Lete barua ya kiwanda yenye muhuri, iseme kwamba aliyeshona ni wewe. Au nenda mahakamani." Akamgeukia Cuilan. "Dada mtu, unatia dole gumba au hutii?"

Cuilan alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini kichwa alikitikisa vizuri, kulia na kushoto, ili kusiwe na shaka.

"Namba hamsini na tatu!" karani akaita.

Kwenye ngazi za nje Cuilan alimshika mkono. "Zhi, dawa zake. Ungenisaidia kurudisha? Ningerudisha kwa fedha gani? Zhi, nitakutumia kila mwezi kidogo, naapa."

"Basi lako la kwenda stesheni ni lile la kijani," Cuizhi alisema.

"Nisamehe."

"Limefika. Kimbia."

Alimsindikiza hadi mlangoni mwa basi kama mtu anavyomsindikiza mgeni, akahakikisha amepata kiti. Kisha akaenda kiwandani kwa miguu.

Pang alimsikiliza amesimama, na alipoelewa akafunga mlango. Akakaa. Akavua miwani.

"Miaka yote hii? Mimi nakuita Lan, na wewe siye Lan?"

"Nyinyi ndio mliokuwa mnatoa nakala za kitambulisho."

"Najua. Hapo ndipo shida ilipo." Alijikuna shingo. "Nikiandika barua hiyo, nimeandika kwamba kiwanda kiliajiri mtu kwa kitambulisho cha mwingine na kikamlipia michango mtu asiyekuwepo. Bosi ana kampuni mpya huko, Dada Lan. Anataka karatasi safi. Hawezi."

"Andika kwamba najua kushona."

"Hilo kila mtu analijua."

"Basi liandike."

Pang alitazama dirishani. Kule chini forklifti ilikuwa inaingiza makasha ya mwisho kwenye kontena. "Nitampeleka Wei Shuangfeng," alisema. "Ulimfundisha mwenyewe. Karatasi zake ziko sawa."

Shuangfeng alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuja bwenini jioni na mfuko wa matunda ya lichi, akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

"Fundi, sikuomba mimi."

"Najua. Ingia. Wewe pale kwenye pinda ya kisigino bado unaharakisha. Ukiwafundisha hivyo, viatu mia mbili vitarudi." Akachukua kiatu kibovu chini ya kitanda akamwonyesha tena, mkono juu ya mkono. Shuangfeng alikuwa analia. Cuizhi alimwambia asilowanishe ngozi.

Alikwenda mahakamani mara mbili. Mara ya kwanza walimwambia alete mashahidi. Wale waliolala naye bweni moja walikuwa wametawanyika mikoa minane, na wawili aliowapata kwa simu waliogopa, maana nao waliwahi kuwa watu wengine. Mara ya pili walimpa fomu za kujaza, kurasa kumi na moja. Alizikunja vizuri akaziweka chini ya mto, na alipohama bweni alizisahau pale, au aliziacha.

Mwezi wa tisa alikuta tangazo kwenye mgahawa wa tambi karibu na stendi. Mwenye mgahawa, mzee kutoka Chaozhou, alimsomea maswali ya fomu huku akikata vitunguu.

"Jina?"

"Luo Cuizhi." Alitoa kitambulisho chake mwenyewe, alichokuja kukata kijijini miaka ya baadaye na karibu hakukitumia. Kilikuwa kinang'aa kama kilichotoka kiwandani jana.

"Umri?"

"Arobaini na saba."

"Umewahi kufanya kazi wapi?"

Alifikiri. Ukitaja kiwanda wanapiga simu kiwandani, na kiwandani hakuna mtu wa jina hilo.

"Sijawahi."

Mzee aliinua kisu. "Miaka arobaini na saba hujawahi kufanya kazi? Mume wako alikulisha vizuri, mama."

"Ndiyo."

"Vyombo unaweza kuosha lakini?"

"Naweza kujifunza."

Mzee alicheka, akaandika *hajawahi* kwenye mstari uliobaki, akampa glavu za mpira. Zilikuwa kubwa kidogo. Akazivaa, akaenda kwenye sinki.